Manjanja yakitoboka, nani analipa? Historia ya nyumba za kupanga, kutoka Kiliba mpaka Mulongwe

Mvua zikianza kukaza, simu zinazoingia studio zinabadilika. Watu wanaacha kuuliza habari za barabara, wanauliza manjanja. Sauti ni nyingi, swali ni lile lile: tuko familia nne katika paseli moja, paa ni moja, choo ni kimoja, mfereji ni mmoja. Vikiharibika, nani anatoa feza? Wanaouliza kwa uchungu zaidi ni wahami waliotoka Bukavu na bonde la Ruzizi katika vita ya 2025. Wao walimaliza akiba yote kwenye garanti, na chumba kinavuja.

Jibu fupi lipo, na nitalitoa. Lakini kwanza tuangalie swali limetoka wapi, maana ni la zamani kuliko nyumba zetu.

Tuanze Kiliba. Wakati wa ukoloni, sheria ya kazi ilimlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi wake makao. Kwa hiyo kampuni kubwa zilijenga kambi, na kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichoanza miaka ya 1950 hapo kaskazini ya Uvira, kilikuwa na nyumba zake za wafanyakazi. Katika kambi ya kampuni hakuna aliyeuliza nani analipa. Nyumba ni ya kampuni, fundi ni wa kampuni, msumari ni wa kampuni. Ubaya wake ni kwamba ukipoteza kazi, umepoteza na kitanda. Halafu vita ya 1996 ikasimamisha kiwanda. Kampuni ikanyamaza, familia zikabaki ndani zikingojea mishahara yao. Mtu ambaye hakuwahi kununua hata kilo moja ya misumari akajikuta yeye ndiye fundi wa nyumba isiyo yake, na hakuna karatasi inayosema atarudishiwa nini.

Njia ya pili wasikilizaji wetu wa Bukavu wanaijua kwa miguu, kwa sababu ndiyo iliyozaa Bagira. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda ofisi iliyoitwa OCA, Office des Cités Africaines, ijenge mitaa ya Waafrika mijini. Bagira ni kazi yake. Ng'ambo ya ziwa, Ngagara ya Bujumbura nayo ni kazi yake, ndiyo maana hata leo kuna wazee wanaoiita OCAF. Hapo familia iliweza kupanga, au kulipa kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake. Nyumba nyingi za OCA zilijengwa zikigusana, ukuta mmoja unabeba jirani wawili.

Angalieni kilichotokea kwa ukuta huo. OCA ilipokuwa mwenye nyumba, ukuta ulikuwa na mwenyewe. Familia zilipomaliza kulipa, kila mmoja alipata mlango wake, chumba chake, kiwanja chake. Ukuta wa katikati, na mfereji unaopita nyuma ya nyumba zote, haukuandikwa kwa jina la mtu. Wa juu anasema maji yanaharibu kwa wa chini, wa chini anasema uchafu unatoka kwa wa juu. Mimi naona ugomvi wetu mwingi ulizaliwa pale: tulijifunza kugawana vyumba, hatukugawana kazi ya vile vinavyobaki katikati.

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni ya Serikali. Hata yule tunayemwita mwenye paseli ana ruhusa ya kuitumia tu: ya daima kama ni raia wa Kongo, au ya miaka 25 inayoweza kuongezwa. Kwa maana hiyo hata yeye ni mpangaji, ila mwenye nyumba wake hapigi hodi kila mwisho wa mwezi.

Vita za 1996 na 1998 ziliongeza jambo jingine. Wenye nyumba wengi wa Uvira na Fizi walivuka ziwa, wakafika Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996. Nyumba zikabaki kwa shangazi, kwa mdogo wa mtu, kwa jirani mwenye ufunguo. Wakati huohuo watu wa milimani wakashuka mjini kutafuta usalama. Anayepokea feza ya nyumba si mwenye nyumba, na ukimwonyesha tundu anakujibu: «Mama, mimi nimeachiwa ufunguo tu, sikuachiwa feza ya manjanja.» Na hasemi uongo.

Sasa jibu. Sheria ya mikataba tuliyonayo tangu tarehe 30 Julai 1888, enzi ya Leopold wa pili, inasema mwenye nyumba anapaswa kukupa nyumba nzima, na kuitengeneza muda wote wa mkataba. Paa, ukuta, msingi, choo kilichojaa: ni juu yake. Mpangaji anatengeneza vitu vidogo vya matumizi ya kila siku, na kile alichokivunja mwenyewe. Kama nyumba imebomoka yote kwa msiba usio na mtu wa kulaumiwa, mkataba umekwisha. Kama imebomoka nusu, mpangaji anaweza kuomba bei ipunguzwe au aondoke. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Garanti si feza ya matengenezo ya zamani, wala haifi kwa sababu nyumba imekufa.

Hilo la mwisho tulilisikia sana baada ya Mulongwe. Katikati ya mwezi wa nne 2020 mto ulitoka njia yake ukashuka na mawe, watu zaidi ya 40 wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Kisha ziwa lenyewe likapanda, likaingia nyumba za kandokando, na 2024 likarudi tena mpaka bandari ya Kalundu. Mpangaji aliyekosa chumba alikwenda kudai garanti, akamkuta mwenye nyumba naye analala kanisani. Sheria iko upande wa mpangaji, lakini feza haiko upande wa mtu yeyote.

Na kingo za mto? Huo ndio ukuta wetu wa katikati, wa mji mzima. Tangu Mobutu tunaitwa salongo, na anayeshika koleo mara nyingi ni mpangaji. Mwenye nyumba anatozwa kodi ya mapato ya kupangisha, feza inakwenda jimboni. Ningependa siku moja wakubwa waje kwenye kipaza sauti waeleze ni ngapi ilirudi Mulongwe kama mawe na waya.

Kwetu, katika paseli ninamopanga, milango ni minne. Mwaka jana upepo ulibeba manjanja sita. Tulimpigia mzee mwenye nyumba, yuko kambini ng'ambo. Akasema: «Wanangu, nitoe wapi?» Tukapatana kwa simu, shefu wa avenyu akisikiliza: sisi tununue, tukate kwenye feza ya nyumba kwa miezi mitatu. Daftari lina bei, risiti ya duka na sahihi ya shefu. Mlango wa nne kwa sasa unakaliwa na familia ya Kamanyola iliyofika paa likiwa limekwisha kutengenezwa. Jirani mmoja alitaka nao walipe sehemu yao. Tulibishana jioni nzima, mwishowe tukakataa, kwa kuwa wao hawakatiwi kitu.

Choo bado. Kimefunikwa na manjanja mawili ya zamani, na simu ya mzee tangu wiki jana haipatikani.