Minago iko mkoa gani? Jinsi programu zinavyosoma na kuandika katika hifadhidata ya pamoja

Minago, mji mdogo wa wavuvi na wafanyabiashara kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, haijahama pale ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Kilichohama ni mipaka. Hadi mwaka 2015 ilihesabiwa katika mkoa wa Bururi. Mwaka huo ukaundwa mkoa wa Rumonge. Kisha sheria ya mwaka 2023 ikapunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na eneo hilo likaingia Burunga. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifuata mgawanyo huo mpya.

Badiliko kama hili huwafikia watu wengi kwa njia ya kompyuta. Programu inayopanga mizigo, au inayoandikisha kaya zilizofurikwa na maji ya ziwa, huhitaji kujua mahali fulani pako chini ya mkoa gani. Waandishi wengi wa programu hawaitungi orodha hiyo wenyewe. Huichota katika hifadhidata za pamoja, ambazo mtu yeyote aweza kuzisoma na kuzisahihisha. Mashuhuri miongoni mwazo ni Wikidata, iliyofunguliwa Oktoba 2012, dada wa kamusi elezo ya Wikipedia.

Katika Wikidata kila kitu kina ukurasa wake na namba isiyobadilika, ikianza na herufi Q. Burundi ni Q967. Programu hushika namba, si jina, kwa sababu majina hugongana na hutofautiana kwa lugha. Chini ya namba huwekwa taarifa, na kila taarifa yaweza kubeba tarehe ya kuanza na ya kukoma. Hapo ndipo penye thamani kubwa kwa mahali kama Minago: Bururi haifutwi, bali huwekewa mwisho, Rumonge huwekewa mwanzo na mwisho, na Burunga hufuata. Anayetafuta cheti cha mwaka 1990 na anayetuma mzigo leo wote wawili hupata jibu sahihi, mradi programu imeuliza tarehe. Ile isiyouliza huenda ikachukua taarifa ya kwanza iliyokutana nayo na kumrudisha mtu Bururi.

Kusoma ni kwepesi. Programu hutuma ombi kwa anwani ya intaneti na kupewa maandishi yaliyopangwa kwa namna ambayo kompyuta huielewa. Haitakiwi neno la siri wala malipo, ila adabu hutakiwa: ijitambulishe kwa jina na njia ya kumpata mwenyewe, isipige hodi mara elfu kwa dakika, na itii seva zinapolemewa.

Kuandika ni jambo zito zaidi. Programu huingia kwa akaunti, hupewa alama ya muda ya kuthibitisha kuwa ombi ni lake, kisha hupeleka badiliko. Tatizo kongwe la maandishi ya pamoja ni watu wawili kufungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja: wa pili akihifadhi, kazi ya wa kwanza yaweza kufunikwa. Kwa hiyo programu nzuri hutaja namba ya toleo ililolisoma. Toleo hilo likiwa limepitwa, badiliko linaweza kukataliwa, na programu hulazimika kusoma upya kabla ya kujaribu tena. Kila toleo la zamani hubaki, hivyo kosa hurudishwa nyuma.

Roboti, yaani programu inayohariri bila mkono wa mtu, huhitaji ridhaa ya jumuiya ya wahariri. Tahadhari hiyo haikosi sababu: mwaka 2002 roboti moja iliingiza katika Wikipedia ya Kiingereza makala zipatazo 30,000 za miji ya Marekani kutokana na takwimu za sensa. Mashine yenye kosa moja hulieneza kwa kasi hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa wasemaji wa Kiswahili wa pwani hii. Samaki ambaye Rumonge huitwa mukeke, Kigoma huitwa mgebuka. Ndagala wa huku ni dagaa wa kule. Programu inayotafuta neno moja tu haitaona jingine. Wikidata huruhusu kila lugha iwe na jina kuu na majina mengine ya ziada, yote chini ya namba moja, na kwa mukeke jina la kitaalamu, Lates stappersii, huondoa shaka. Lakini majina hayo hayajiandiki. Jina la Kiswahili lisipowekwa, programu hurudisha la Kifaransa au la Kiingereza, au namba tupu ya Q. Kuliongeza hakuhitaji ujuzi wa kuandika programu: hufunguliwa ukurasa wa kitu hicho, hubonyezwa sehemu ya kuhariri, na jina huandikwa kwenye mstari wa Kiswahili.