Data za darubini ya James Webb ni za nani? Fahamu kuhusu ule mwaka mmoja wa kusubiri

Darubini ya anga za juu ya James Webb inapomaliza kutazama galaksi fulani, data zake hutumwa duniani na kuhifadhiwa kwenye ghala la kidijitali. Lakini kwa tafiti nyingi, miezi 12 ya kwanza wanaoruhusiwa kuzifungua ni mtafiti aliyeomba zamu hiyo na timu yake tu. Wengine wote wanasubiri.

Muda huo ukiisha, mlango uko wazi kwa kila mtu: profesa wa Ulaya, mwanafunzi wa Dodoma, hata wewe uliyeshika simu. Hakuna malipo.

Je, mwaka huo mmoja unamlinda nani, na unamchelewesha nani? Wanaastronomia wenyewe hawakubaliani.

Zamu inapatikanaje?

Zamu ya kutumia Webb hainunuliwi. Inaombwa.

Darubini hiyo ilirushwa Desemba 25, 2021 na ni mradi wa mashirika ya anga ya Marekani (NASA), Ulaya (ESA) na Kanada (CSA). Kioo chake kina upana wa mita 6.5. Shughuli zake za kisayansi zinasimamiwa na taasisi ya STScI iliyoko Baltimore, Marekani.

Kila mwaka taasisi hiyo inatangaza nafasi, na mtafiti wa nchi yoyote anaweza kutuma ombi. Foleni ni ndefu kwelikweli. Katika awamu ya nne, iliyofungwa Oktoba 2024, yalifika maombi zaidi ya 2,300 yenye jumla ya saa takriban 78,000. Kwa kila saa moja iliyokuwepo, ziliombwa kama saa tisa.

Jina kubwa linasaidia? Siku hizi linatakiwa lisisaidie. Mwaka 2018, darubini ya Hubble ilianza utaratibu ambao wanaopitia maombi hawaoni majina ya waombaji wala vyuo vyao. Awamu hiyo, maombi yaliyoongozwa na wanawake yalifaulu kwa asilimia 8.7 na ya wanaume kwa asilimia 8.0. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wanaume ndio waliokuwa wakitangulia. Webb nayo inatumia utaratibu huohuo.

Kwa nini data zifungiwe?

Kuandaa ombi zuri kunachukua wiki au hata miezi. Mtafiti anachagua nyota au galaksi ya kutazama, anapiga hesabu ya muda unaohitajika na kueleza kwa nini kazi yake ina maana.

Sasa fikiria data zitolewe kwa wote siku ileile. Kundi kubwa lenye wataalamu wengi na kompyuta za nguvu linaweza kuandika makala ndani ya siku chache, wakati mwenye wazo bado anahangaika kusafisha data. Ni kama kulima shamba kwa jembe la mkono, halafu mwenye trekta aje kuvuna kabla yako.

Kwa mwanafunzi wa udaktari hilo si jambo dogo. Matokeo yakishachapishwa na mwingine, kazi yake ya miaka inaweza kupoteza thamani.

Hata hivyo, kanuni si moja kwa wote:

- Hubble: kwa kawaida ni miezi 6.
- Webb: miezi 12 kwa miradi midogo na ya kati. Miradi mikubwa data zake ni wazi mara moja.
- Gaia, darubini ya Ulaya iliyozimwa Machi 2025: haikuwa na kipindi cha mtu binafsi. Data husafishwa kwanza, kisha hutolewa kwa dunia nzima kwa siku moja. Toleo la Juni 2022 lilikuwa na nyota takriban bilioni 1.8.

Wanaopinga wanasemaje?

Hoja yao ya kwanza ni pesa. Darubini hizi zimejengwa kwa kodi za wananchi, kwa hiyo data zisifungiwe.

Hoja ya pili ni kasi ya sayansi. Data zikiwa wazi, mtu mwingine anaweza kuona kitu ambacho mwenye zamu hakukitafuta kabisa. Kwa Hubble, makala nyingi za utafiti sasa zinatokana na data za zamani zilizoko ghalani.

Wanaoutetea mwaka huo wanajibu kwamba uwazi peke yake hauleti usawa. Anayefundisha vipindi vingi kwa wiki, au anayetumia intaneti ya kusuasua, hawezi kushindana mbio na mwenye kila kitu. Akipewa muda, anapumua.

Mtafiti wa Afrika Mashariki anajikuta pande zote mbili. Akipata zamu, mwaka ule unamlinda. Asipoipata, unamchelewesha.

Rubin imekuja na utaratibu wake

Kwenye mlima Cerro Pachón, Chile, kuna kituo kipya cha Vera C. Rubin kilichoonyesha picha zake za kwanza Juni 23, 2025. Kamera yake ina megapikseli 3,200. Katika saa kama 10 tu za majaribio, kilibaini asteroidi 2,104 ambazo hazikuwa zimejulikana.

Rubin imejengwa ili ipige picha anga yote ya kusini kwa miaka 10, ikirudiarudia. Usiku mmoja unatarajiwa kuzalisha terabaiti 20 za data, yaani kujaza simu zaidi ya 150 zenye nafasi ya GB 128.

Hapa haki ya data inategemea mtu anatoka wapi. Watafiti wa Marekani na Chile wanazipata kwanza. Wa nchi nyingine wanaingia kwa kuchangia kitu, kama programu, muda wa darubini zao au uwezo wa kompyuta. Wasio na haki hiyo wanasubiri miaka miwili baada ya kila toleo.

Lakini kuna dirisha moja lililo wazi kwa wote. Kitu chochote kikibadilika angani, kwa mfano nyota ikilipuka, mfumo umetengenezwa kutoa taarifa ndani ya kama dakika moja. Taarifa hizo zinaweza kufika milioni 10 kwa usiku. Zinachujwa na mifumo kama Lasair ya Uingereza, Fink ya Ufaransa, ALeRCE ya Chile na ANTARES ya Marekani.

Ukitaka kuzitafuta data mwenyewe

1. Data za Hubble na Webb ziko kwenye ghala liitwalo MAST. Andika jina la galaksi au nyota, kisha tafuta. Zilizo wazi hazihitaji kufungua akaunti.

2. Kwa simu unaweza kuona picha za mfano. Kazi yenyewe inahitaji kompyuta, maana mafaili ni makubwa na yatamaliza bando.

3. Mafaili mengi yako katika mfumo wa FITS. Programu ya DS9 inayafungua, na Astropy inayachambua. Zote ni bure.

4. Kama hujasomea astronomia, anza na Zooniverse. Wananchi wanasaidia kupanga galaksi kwa maumbo, na wanasayansi wanayatumia majibu yao.

Mikutano inaingiaje hapa?

Data wazi zinakupa kazi. Watu wa kushirikiana nao mara nyingi unawapata mkutanoni, na kwa mradi kama Rubin ushirikiano una uzito wa pekee.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU), ulioanzishwa mwaka 1919, hufanya mkutano wake mkuu kila baada ya miaka mitatu. Agosti 2024 ulifanyika Cape Town, mara ya kwanza barani Afrika, na iliwezekana kushiriki kwa mtandao. Unaofuata umepangwa Roma mwaka 2027.

Kwa wa huku kwetu Roma ni mbali, na nauli ni ya ndege. Ghala la MAST, kwa upande wake, halifungwi usiku wala sikukuu.