Ushahidi wa Gari Kuukuu

Msomaji, bila shaka umekwisha kuambiwa kwamba historia husomwa katika vitabu, katika barua za kale na katika magofu. Leo nataka tuisome mahali pengine, katika gari lililokuwa limelala chini ya mgunga huko Turkana, matairi yake hayana upepo, na kuku wametaga nyuma ya kiti cha dereva. Gari hilo lilikuwa likiuzwa, na mtu ninayemheshimu alikuwa tayari kutoa karibu mbuzi wake wote ili alipate.

Mtu huyo ni mzee wa Lodwar, baba wa kijana mmoja niliyemfundisha katika chuo cha ualimu. Alikuwa amepata habari kwamba Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lodwar, kuna Land Rover ambayo haijapata kurudishiwa upya wake. Na tena kwamba ndiyo iliyomchukua Jomo Kenyatta kutoka Lokitaung hadi Lodwar mwaka 1959. Mwenye gari alitaka shilingi 600,000. Mafundi wa Lodwar walisema kwamba gari la namna hiyo, lililokaa bila kutembea, lingeweza kupata theluthi moja ya fedha hizo. Yaani theluthi mbili zilikuwa bei ya hadithi. Mzee akanijia, akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe unayejua mambo ya zamani. Twende ukalitazame."

Hadithi yenyewe haikuwa ya kupuuzwa. Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwezi wa Aprili 1953, akafungwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa nchi. Alipomaliza kifungo mwaka 1959 hakuachwa huru, bali aliwekwa Lodwar chini ya ulinzi mpaka alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Siku hizo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, hata mgeni hakuweza kuingia bila kibali cha serikali, na kwa sababu hiyo magari yalikuwa machache, mengi yao ya serikali yenyewe. Basi si ajabu ikiwa Land Rover moja ilifanya safari hiyo. Lakini jambo kuwezekana ni kitu kimoja, na jambo kuthibitika ni kitu kingine. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye kuuza gari ni mwamba ngoma kama wengine.

Kabla hatujamsikiliza mwenye gari, yafaa tulisikilize gari. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na Uingereza chuma cha pua kilikuwa kikitolewa kwa kipimo. Kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza bodi ya gari kwa alumini, na kutumia chuma katika chasisi, ambayo ndiyo mifupa ya gari, na katika ukuta unaotenga injini na watu. Uamuzi huo wa wakati wa dhiki ungali unawadanganya wanunuzi hata leo. Alumini haishiki kutu kama chuma. Kwa hiyo gari laweza kuwa na uso laini wa kupendeza, na huku mifupa yake imekwisha kuliwa. Asiyejua hutazama rangi. Ajuaye hulala chali mchangani.

Nami nililala chali. Nilikuwa na nyundo ndogo na kipande cha sumaku. Chuma kizima ukikigonga hulia kama kengele, na kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, mfano wa debe lililojaa mchanga. Sumaku hushika chuma kwa nguvu, lakini palipozibwa kwa puti na kupakwa rangi juu, huteleza na kuanguka. Kadhalika nilitazama mahali ambapo alumini inagusana na chuma, maana unyevu ukiingia kati ya madini hayo mawili, alumini hugeuka unga mweupe. Utakumbuka jambo hilo kutoka somo la kemia.

Hapa nchi ya Turkana ilimsaidia mnunuzi. Mvua ni haba, na hewa kavu huhifadhi chuma kwa miaka mingi. Gari la umri ule ule lililofanya kazi Mombasa, karibu na pepo za chumvi, huenda lingekuwa halifai tena. Jua la Kakuma huharibu mipira, viti na rangi, lakini hivyo hununuliwa. Jambo moja la kuogopa katika wilaya ile ni gari lililobeba samaki kutoka Kalokol, kwa kuwa maji ya Ziwa Turkana yana chumvi na magadi. Nilinusa sakafu ya nyuma, nikakwaruza pembe zake. Hapakuwa na dalili. Chasisi ilikuwa nzima isipokuwa boriti ya nyuma kabisa, iliyokuwa na tundu la kuingia vidole viwili.

Ndipo nikafungua mlango kutazama dashibodi. Land Rover za kwanza, na zile za pili zilizoanza mwaka 1958, zilikuwa na saa za mwendo na mafuta katikati ya gari. Saa hizo zilihamishwa mbele ya dereva katika aina ya tatu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971. Katika gari hili zilikuwa mbele ya dereva. Wavu wa mbele, nao, ulikuwa wa plastiki, kama ulivyo katika aina hiyo ya tatu, wala si wa chuma.

Usikimbilie hukumu, msomaji. Sehemu za Land Rover huhama kutoka gari moja hadi lingine, na fundi aweza kutia uso wa gari jipya katika mifupa ya gari la zamani. Shahidi mmoja hatoshi, wala wawili wenye udugu. Nikasugua vumbi kwenye chasisi, upande wa kulia mbele, karibu na springi, mpaka namba iliyogongwa pale ikasomeka. Mwenye gari akaleta kitabu cha gari, kimetafunwa na mchwa pembeni. Namba zililingana, na mwaka uliotajwa ulikuwa 1978. Mwaka huo Kenyatta alifariki, akiwa Rais.

Mwenye gari alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yangu ndiye aliyeniambia." Mimi sikumwona kuwa mwongo. Baba yake alikuwa na gari jingine kabla ya hili, lililokwisha kuuzwa vipande vipande, na yumkini habari ilihama kutoka lile la kwanza hadi hili la pili, kama sehemu zihamavyo. Masimulizi ya wazee wetu mara nyingi hufanya hivyo, na mwanafunzi wa historia hana budi kulitazamia jambo hilo bila kumtukana msimulizi.

Basi je, gari lilikuwa halina thamani? La. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland huko Thika kilianza kuunganisha Land Rover, na yaelekea hii ilipita katika mikono ya mafundi wa Kenya. Kwenye mlango wa kushoto rangi nyeupe ilikuwa imebanduka, na chini yake nikaona kivuli cha herufi: ZAHANATI. Kumbe gari lilichukua wagonjwa. Hakuna aliyetutajia habari hiyo, wala haikutiwa katika bei.

Injini yake ilikuwa imebadilishwa, ikatiwa ya dizeli kutoka Japani. Kwa mtu akusanyaye magari ya kale huo ni upungufu mkubwa. Kwa mtu atakaye kupeleka mbuzi sokoni ni faida. Nikamwuliza mzee yeye ni yupi kati ya hao wawili. Akacheka, akajibu, "Mbuzi."

Tukaanza na bei ya Land Rover nzima ya aina hiyo, tukatoa gharama ya boriti, breki, matairi manne na nyaya za umeme, ambazo panya walikuwa wamezila. Tukatoa shilingi 180,000. Mwenye gari alikasirika, akatuletea chai, akakasirika tena. Jua lilipokuwa likishuka tulikubaliana 210,000, pamoja na giaboksi ya akiba iliyokuwa nyuma ya nyumba.

Kijana wa mzee alitaka gari lote lipakwe rangi ya kijani ili lionekane jipya. Nilimwomba auache mlango wa kushoto, kwa sababu rangi ya kale ikisha kukwanguliwa hairudi, na pamoja nayo zitakwenda herufi zile. Alibisha sana. Mzee akaamua gari lote lipakwe isipokuwa mlango huo, na ndivyo linavyotembea sasa kati ya Lodwar na Kakuma, upande mmoja kijani, upande mmoja jeupe lililobanduka, na watoto wa njiani hulicheka.