Upimaji wa sensa za injini

Upimaji wa sensa za injini ni kazi ya fundi umeme wa magari ya kutafuta hitilafu kwenye sensa, waya zake au kompyuta ya gari. Sensa hupima joto, hewa na mzunguko wa injini. Kompyuta hutumia vipimo hivyo kupanga mafuta na cheche. Hitilafu ikitokea, msimbo huhifadhiwa na taa ya injini huweza kuwaka kwenye dashibodi.

Magari yenye OBD-II, mfumo wa gari wa kujichunguza hitilafu uliolazimishwa Marekani kuanzia mwaka 1996, husomwa kupitia soketi ya pini 16. Msimbo hutaja saketi yenye kasoro, si lazima sensa iliyokufa. P0118, kwa mfano, huonyesha volti iliyozidi kwenye saketi ya sensa ya joto la maji: huenda waya umekatika, plagi imelegea au sensa imeharibika.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa nchini Tanzania, magari hupita barabara nyingi za udongo. Vumbi huchafua sensa ya hewa. Maji na tope hutia plagi kutu. Kwa hiyo waya, plagi na ethi (muunganisho wa umeme na bodi ya gari) hupimwa kwa mita kabla ya kununua sensa mpya.