Lipu ya saruji yaziponza nyumba za kale Lamu

Lipu ya ukuta inapoanza kumeguka katika nyumba ya kale mjini Lamu, wengi hukimbilia mfuko wa saruji. Kazi huisha haraka na ukuta hung'ara. Hata hivyo, baada ya misimu michache ya mvua madoa hurejea, safari hii yakiwa makubwa zaidi.

Kiini cha tatizo ni kwamba nyumba za Mji wa Kale, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mnamo 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Jiwe hilo lina vitundu vingi na hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Lipu ya chokaa huuacha unyevu huo utoke na kukauka kwa upepo. Saruji huuzuia. Maji hupanda juu zaidi ukutani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, nalo jiwe, ambalo ni laini kuliko saruji, huanza kuwa unga. Hatari kubwa zaidi imo mahali usipopaona: ncha za boriti za mikoko zilizopachikwa ukutani huoza, na ndizo zinazobeba dari.

Ukarabati huanza kwa kutafuta chanzo cha maji: paa linalovuja, mfereji uliopasuka au choo kilicho karibu na msingi. Kupiga lipu kabla ya hapo ni kutupa fedha. Kisha saruji hubanduliwa polepole kwa patasi na nyundo ndogo, na ukuta huachwa ukauke, pengine kwa miezi kadhaa.

Chokaa hutokana na matumbawe yaliyochomwa na kuzimwa kwa maji. Kadiri inavyokaa shimoni ndivyo inavyokuwa laini. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Mchanga wa ufuoni usitumiwe, kwani una chumvi. Fundi huulowesha ukuta, hupaka tabaka jembamba, hungoja lishike, ndipo aongeze jingine. Chokaa hugandamana kwa kuvuta hewa ya kaboni, jambo linalohitaji muda. Hivyo basi, lipu mpya ikingwe jua na inyunyiziwe maji kwa siku kadhaa, la sivyo itapasuka.

Kuhusu joto, wamiliki wanaofikiria kubandika mbao au sponji ndani ya kuta hawana haja. Ukuta mnene wa matumbawe huchelewesha joto la mchana, na chokaa nyeupe ya nje huakisi jua.

Aidha, turathi za aina hii zinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006. Ni vyema mwenye nyumba awaone maafisa wa Makavazi ya Kitaifa mjini humo kabla fundi hajaanza kubandua chochote, hasa penye zidaka na nakshi za lipu.