Mjusi wa Tendaguru: kutoka vichwani mwa wapagazi hadi kwenye skrini

Katika ukumbi mkubwa wa Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia asilia ya mjini Berlin, imesimama mifupa ya mjusi mwenye kimo cha mita 13.27. Hakuna mifupa mingine ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani ikafikia kimo hicho. Karibu yake zimewekwa darubini. Mgeni akiinamia mojawapo na kuielekeza kwenye mifupa, huona viungo vya ndani vikijaa kifuani, kisha misuli ikiivaa mifupa, kisha ngozi ikifunika misuli, na mwishowe mnyama mzima akitembea katika nchi ya miaka milioni 150 iliyopita. Ni kazi ya kompyuta iliyomo ndani ya darubini.

Mjusi huyo ni wa Lindi. Alichimbwa Tendaguru, kilima kilichoko kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Safari yake kutoka ardhini hadi kwenye darubini hizo imechukua karibu miaka mia moja, na ndani yake mna historia nzima ya namna makumbusho yanavyowafikia watu: nini huonyeshwa, nani huonyeshwa, na nani huachwa nje ya picha.

Mizigo ya mianzi

Mwaka 1906, mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alionyeshwa mifupa mikubwa iliyotokeza juu ya ardhi ya Tendaguru. Wenyeji walikuwa wakipita hapo siku zote. Mwaka uliofuata alifika mtaalamu wa visukuku, Eberhard Fraas, na taarifa zake zikaamsha hamu Berlin. Fedha zikachangishwa, na Aprili 1909 uchimbaji ukaanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Uliendelea hadi 1913.

Wakati huo kusini kote kulikuwa bado na majeraha. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vimemalizika punde tu, na njaa iliyofuata ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi. Ni katika hali hiyo mamia ya wanaume walipokwenda Tendaguru kutafuta ujira. Katika misimu ya kazi nyingi walikaribia 500, na wengi walikuja na wake na watoto wao, hata kilimani pakawa kijiji.

Wachimbaji hao ndio waliojifunza kuutenga mfupa na jiwe bila kuuvunja. Vipande vilifungwa kwa mianzi iliyopasuliwa na kuzungushwa kama kizimba, vikatiwa vifungashio vya udongo au plasta, kisha vikabebwa na wapagazi kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku tatu hadi nne mpaka bandari ya Lindi. Huko viliwekwa katika makasha na kupakiwa melini. Jumla ya shehena iliyofika Berlin ilikuwa takriban tani 225.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wajerumani walimtegemea. Waingereza nao, walipokuja kuchimba Tendaguru kati ya 1924 na 1931 chini ya makumbusho yao ya London, walimtegemea vilevile. Wataalamu walibadilika, bendera ya koloni ikabadilika, lakini aliyeijua ardhi ile na mifupa yake alibaki kuwa Boheti.

Ukumbi, stempu na kitabu

Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kusafisha, kuunganisha na kusimamisha mifupa hiyo. Mwaka 1937 mjusi mkubwa alionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza. Si mifupa yote iliyosimamishwa ilikuwa halisi: pingili za shingo ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa, kwa hiyo zilitengenezwa za mfano, na mnyama mwenyewe ameunganishwa kutoka mifupa ya zaidi ya mjusi mmoja.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alishushwa na kufichwa. Baada ya vita makumbusho yakawa upande wa Berlin Mashariki, na mwaka 1953 akasimamishwa tena. Mwaka 1984 alipelekwa Japani kwa maonyesho, na mwaka 1990 serikali ya Ujerumani Mashariki, ikiwa katika miezi yake ya mwisho, ilitoa stempu zenye picha za dinosaria wa ukumbi ule. Hizo ndizo njia za kuwafikia watu zilizokuwapo: ukumbi, kadi ya posta, stempu na kitabu.

Kwa Watanzania, kitabu ndicho kilichotangulia. Mwaka 1998 kilichapishwa Dar es Salaam kitabu *Dinosaria wa Tendaguru* cha Cassian Magori na Charles Saanane, kikiwa na michoro ya Thomas Thiemeyer. Kijana wa shule aliyekisoma aliweza, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kujua kwamba mnyama maarufu wa Berlin alitoka nchini mwake.

Makumbusho yaingia hewani

Wakati mjusi akisimama palepale ukumbini, makumbusho kwingineko yalikuwa yakijaribu kutoka nje ya kuta zake. Mwaka 1952 Stedelijk Museum ya Amsterdam iliwapa wageni vipokezi vidogo vya redio vilivyonasa maelezo ya maonyesho kwa lugha kadhaa. Wageni wote walisikia jambo lilelile kwa wakati uleule, hivyo kundi zima lilitembea na kugeuza vichwa kwa pamoja. Mwaka 1991 National Gallery ya London iliweka kompyuta ambazo mgeni aliweza kuzitumia mwenyewe kutafuta picha zilizomo katika hazina yake, na miaka miwili baadaye kazi hiyo ilitolewa kwa diski, mtu akaweza kuitazama nyumbani.

Kisha ukaja mtandao. Mwaka 1994 kijana Mfaransa, Nicolas Pioch, alianzisha kwa hiari yake tovuti ya picha za sanaa na kuiita WebLouvre. Makumbusho ya Louvre yalilalamikia jina, likabadilishwa kuwa WebMuseum, na mwaka 1995 Louvre wenyewe wakafungua tovuti. Hapo likadhihirika jambo ambalo limejirudia tangu hapo: watu wa kawaida walikuwa na kiu ya kuona kabla taasisi hazijawa tayari kuonyesha.

Rijksmuseum ya Amsterdam ililielewa hilo kwa namna yake. Picha yake maarufu ya Vermeer, ile ya mwanamke akimimina maziwa, ilikuwa imesambaa mtandaoni katika maelfu ya nakala mbovu zilizogeuka rangi ya manjano. Wageni wakawa wanaitilia shaka kadi ya posta yenye rangi sahihi, kwa kuwa haikufanana na walichozoea kuona kwenye kompyuta zao. Jibu la makumbusho halikuwa kuzuia nakala. Mwaka 2012 walifungua Rijksstudio na kuweka humo picha 125,000 zenye ubora wa juu, kila mtu azichukue bure. Nakala nzuri iliachiwa ishindane na nakala mbovu.

Mjusi apata nyama

Mwaka 2005 ukumbi wa Berlin ulifungwa kwa ukarabati. Mifupa ilishushwa, na ulipofunguliwa Julai 2007 mjusi alikuwa amesimama upya, miguu ya mbele ikiwa imenyooka zaidi kama sayansi mpya ilivyotaka. Darubini zile, zilizotengenezwa na studio ya ART+COM ya Berlin, ziliwekwa wakati huo.

Teknolojia hiyo haikuwa pambo tu. Mifupa iliyosimamishwa upya ilipimwa kwa miale ya leza na kuingizwa kwenye kompyuta. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja alikuwa amekadiria uzito wa mnyama huyo kuwa tani 78 kwa kupima ujazo wa sanamu yake ndogo. Makadirio ya 2008, yaliyotokana na vipimo vya leza, yalishuka hadi takriban tani 38. Mnyama yuleyule, mifupa ileile, lakini nusu ya uzito ikatoweka baada ya kupimwa vizuri. Hata vifurushi vya mianzi ambavyo havikuwahi kufunguliwa tangu vitoke Lindi vimepitishwa kwenye mashine za CT scan, ili yaliyomo yaonekane bila kuharibu kazi ya mikono ya waliovifunga.

Septemba 2016 Google, kwa kushirikiana na makumbusho zaidi ya 50 ya historia asilia, ilizindua maonyesho ya mtandaoni. Mmoja wa nyota wake alikuwa mjusi wa Tendaguru, ambaye siku hizi wanasayansi humwita *Giraffatitan brancai*. Ilitengenezwa video ya uhalisia pepe ambamo mifupa inavaa ngozi, kichwa kinashuka na jicho linamtazama mtazamaji. Kwa mara ya kwanza mtu aliyeko Mtwara, Mombasa au Bukavu, mwenye simu janja na bando la kutosha, aliweza kusimama miguuni pake bila viza wala tiketi ya ndege.

Hilo ni jambo kubwa na linastahili sifa. Lakini tazama kilichokuja kwanza. Kompyuta ilianza na viungo vya ndani, ikaenda kwenye misuli, ikamaliza na ngozi. Hadithi iliyosimuliwa na darubini na video ni ya mnyama. Watu waliomtoa ardhini hawamo.

Jina la Boheti

Mwaka uleule wa 2007, darubini zilipowekwa, mtaalamu wa visukuku Kristian Remes alichapisha maelezo ya dinosaria mwingine wa Tendaguru aliyemtambua kutokana na pingili mbili za shingo. Alimwita *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Ilikuwa karibu karne moja tangu Boheti asimamie uchimbaji, na ndipo jina lake likaingia katika orodha ya sayansi ambayo kwa muda wote huo ilikuwa ikijazwa majina ya wakurugenzi na wafadhili.

Jina hilo halikuletwa na mashine. Lilitokana na mtu aliyesoma kumbukumbu za msafara akauliza nani hasa alifanya kazi. Ndivyo walivyofanya pia wanahistoria wa Berlin waliotoa mwaka 2018 kitabu kuhusu msafara wa Tendaguru, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kwa jina la *Vipande vya Dinosaria*. Humo ukoloni, ujira, mizigo na siasa za umiliki vimewekwa katikati ya simulizi badala ya pembeni. Teknolojia huonyesha kile tu ambacho mwenye nayo ameamua kukiuliza. Akiuliza kuhusu misuli, atapata misuli. Akiuliza kuhusu wapagazi, picha za wapagazi zimo katika hazina za makumbusho, pamoja na barua, shajara na hesabu za malipo.

Nani anafikiwa

Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona uliwafungia wote milango. UNESCO ilikadiria kwamba asilimia 90 ya makumbusho duniani, zaidi ya 85,000, yalifungwa kwa muda. Mengi ya Ulaya na Marekani yalihamia mtandaoni kwa haraka, kwa kuwa picha na mafundi walikuwa nao tayari. Barani Afrika na katika visiwa vidogo vinavyoendelea, ni asilimia 5 tu ya makumbusho yaliyoweza kutoa chochote mtandaoni. Pengo hilo halikuletwa na Korona. Lilikuwapo, na ugonjwa ukaliweka hadharani.

Zipo kazi zinazoonyesha njia. Mwaka 2020 magofu ya Kilwa Kisiwani, mkoa huohuo wa Lindi, yaliwekwa mtandaoni kwa picha za pande tatu katika mradi wa Google na shirika la CyArk kuhusu turathi zinazotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Nchini Kenya, shirika la African Digital Heritage, lililoanzishwa na Chao Tayiana Maina, limeshirikiana na Museum of British Colonialism kujenga upya kwa kompyuta kambi walimofungwa wapigania uhuru wakati wa Mau Mau, zikiwamo za Aguthi na Mweru ambazo leo ni shule. Hapo kompyuta haikuishia kwenye majengo. Mahojiano ya wazee waliopitia kambi hizo yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Mpango huo ndio unaopaswa kwenda Tendaguru. Suala la kurudishwa kwa mjusi limeulizwa bungeni Dodoma zaidi ya mara moja, na litaendelea kuulizwa. Picha ya pande tatu, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kutumiwa kulifunga suala hilo. Lakini wakati serikali zinazungumza, kuna kazi isiyohitaji kusubiri mkataba: maelezo ya sauti kwa Kiswahili yanayoweza kupakuliwa kwa simu ya kawaida bila kumaliza bando, picha za wachimbaji zenye majina yao pale majina yalipoandikwa, shajara za msafara zilizotafsiriwa ili mwalimu wa Lindi azisome na wanafunzi wake, na wazee wa vijiji vya jirani wakirekodiwa wanachokumbuka kutoka kwa babu zao.

Museum für Naturkunde ina vifaa vyote vya kazi hiyo. Mwaka 2021 ilianza kupiga picha wadudu wake, mmoja baada ya mwingine, mbele ya macho ya wageni. Taasisi inayoweza kumpa kila mdudu picha na namba yake inaweza kumpa kila mpagazi aliyeandikwa katika daftari la malipo nafasi yake mtandaoni. Watu wa Lindi waliibeba mifupa hii hadi pwani kwa vichwa vyao. Kuwafikishia vitukuu wao historia yake, kwa lugha yao na kwenye simu zao, ndilo deni dogo kuliko yote yanayodaiwa Tendaguru, na ndilo linaloweza kulipwa sasa.