Jiko la Shosho Lilipasuka Kwanza

Uliza msee yeyote mtaani ataje teknolojia iliyobadilisha maisha ya Mkenya. Atasema M-Pesa, na hajakosea. Lakini kuna ingine iko pale nyuma ya mlango, imejaa majivu, na hakuna mtu huipiga picha. Naongea kuhusu lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje, udongo ndani. Leo wacha tuongee historia yake, juu kile kiuno hakikuwekwa hapo kwa urembo.

Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda dunia nzima, na mafuta ya taa yakapanda nayo. Miji yetu ilikuwa inakua haraka, na watu wengi wa mjini walipikia makaa. Makaa zaidi ni miti zaidi chini. Na jiko lenyewe lilikuwa bati tupu. Unawasha, moto unapasha sufuria, lakini pia unapasha hewa, ukuta na miguu ya mpishi. Yaani mama alinunua makaa kwa pesa yake ya jasho, halafu sehemu kubwa ya joto inaenda bure.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa hapa Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Baada ya hapo kazi ya kutafuta jiko bora ikashika kasi. Pesa za mradi zilitoka Marekani kupitia USAID, na mashirika ya hapa kama KENGO yakaingia kueneza kazi. Wazo halikuanzia hapa. Thailand walikuwa na jiko la ndoo: nje bati, ndani udongo uliochomwa. Udongo haupitishi joto haraka kama bati, kwa hivyo moto unabaki pale sufuria iko.

Basi si wangenakili tu na mambo yaishe? Walijaribu. Majiko ya kwanza yalikuwa na pande zilizosimama wima na udongo kutoka juu mpaka chini. Yalikuwa mazito, na mbaya zaidi, udongo ulipasuka. Bati na udongo vikipata joto havitanuki sawa. Ukivibana pamoja kila mahali, kila ukipika vinavutana, na udongo ndio hushindwa. Hebu fikiria umelipia jiko zaidi ya lile la zamani, halafu linapasuka. Utarudi kwa bati lako na hutataka kusikia habari ya miti tena.

Kile kiuno kilitokana na shida hiyo. Udongo ukawekwa nusu ya juu peke yake, mahali makaa yanawaka. Bati likabanwa katikati ili udongo uwe na mahali pa kukalia, na katikati ya udongo na bati ikapakwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya kuzuia joto. Chini pakapanuka tena. Vikundi vya akina mama vilikuwa sehemu ya kujaribu na kusema ukweli, na kama umewahi kusonga ugali wa watu sita kwa jiko linaloyumba, unajua kwa nini upana wa chini ni jambo la maana. Kwa maabara sufuria imetulia tu. Jikoni kuna mtu anasukuma mwiko kwa nguvu zote, na mtoto anapita hapo karibu.

Halafu kuna mafundi wa jua kali pale Shauri Moyo. Hawakujengewa kiwanda. Walikuwa tayari wanatengeneza na kuuza majiko ya bati, kwa hivyo muundo mpya ulilazimika kuwezekana kwa nyundo, patasi na bati kuukuu. Wafinyanzi wakashika kazi ya udongo, wagonga bati wakashika yao. Jiko halikugawiwa bure, lilienda sokoni kujitetea. Mwanzoni bei ilikuwa juu, na mafundi walipoongezeka ikashuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yanatumika Kenya. Makadirio ya kawaida ni kwamba linapunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa nyumba inayonunua makaa ya mkebe kila siku, hiyo ni pesa ya daftari na nauli. Muundo ukavuka mipaka: Ethiopia wakalifanyia marekebisho wakaliita Lakech, Ghana wakaita lao Gyapa.

Sasa tusidanganyane, hii hadithi ina upande mwingine. Hakuna aliyelifungia muundo kwa hataza, ndio maana lilisambaa na bei ikashuka. Lakini pia ndio maana kuna majiko feki sokoni, udongo mwembamba umefunikwa na rangi ya kung'aa. Na kuokoa makaa si sawa na kuondoa sumu. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo huwezi kuona wala kunusa. Ukifunga dirisha na mlango baridi ya Julai ukalala na jiko ndani, hutaamka, hata likiwa jiko bora namna gani. Suluhisho la shida moja huacha ingine, na mtu mwingine lazima aanzie hapo.

Mimi niliacha chuo, na simwambii mtu elimu haina maana. Bila watu wa maabara, nani angepima joto na kujua kwa nini udongo unapasuka? Shida yangu ni vile tunasimulia. Tunataja wafadhili, mkutano na wataalamu, halafu fundi anakuwa “mfanyakazi” na mama anakuwa “mnufaika”. Lakini ile duara wanafunzi huchora kwa daftari, tatizo, wazo, kielelezo, jaribio, rekebisha, ilizungushwa na hao wote. Aliyesema “hili linayumba” alifanya kazi ya uhandisi. Aliyepata njia ya kukunja kiuno kwa nyundo pia. Tofauti ni kwamba majina yao hayakuandikwa popote.

Na hiyo tabia bado iko. Kila wiki kuna mtu anazindua programu ya kuokoa wakulima, bodaboda au mama mboga, slaidi safi, suti imenyooshwa. Usimuulize ameshinda tuzo ngapi. Muulize toleo la kwanza lilivunjikia mikononi mwa nani, na huyo mtu alipolalamika, ni nini walibadilisha. Akikosa jibu, bado hajaanza kazi.